Kukomaa, Kuvundika na Kuiva: Istilahi za Biashara ya Maparachichi katika Mpaka wa Tororo na Busia

Ikisiri

Makala haya yanafafanua nafasi ya istilahi za Kiswahili katika ukusanyaji wa maparachichi na uuzaji wake nje ya nchi, yakichukua mfano wa eneo la Iyolwa wilayani Tororo na njia ya biashara inayopitia Busia. Hoja kuu ni kwamba biashara hii inategemea tofauti moja ya msingi, yaani tofauti kati ya tunda lililokomaa na tunda lililoiva. Kiswahili kina msamiati unaoitenga tofauti hiyo kwa ukamilifu. Hata hivyo, viwango na matangazo yanayoamua hatima ya mzigo huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mapatano ya bei hufanyika kwa Kiswahili cha sokoni kinachochanganya dhana hizo mbili. Makala yanaeleza jinsi mkanganyiko huo unavyozaa hasara, yanalinganisha hali ya mpakani na ile ya Peru, na yanapendekeza hatua ambazo taasisi za lugha na za kilimo zinaweza kuzichukua kwa pamoja.

Maneno muhimu: istilahi, parachichi, kukomaa, kuvundika, maada kavu, biashara ya mpakani

1.0 Utangulizi

Iyolwa ni kaunti ndogo katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, kwenye eneo la Budama Magharibi. Wenyeji wake wengi ni Jopadhola, ambao lugha yao, Dhopadhola, ni ya jamii ya lugha za Kiluo. Majirani zao ni Wateso, Wasamia, Wagwe na Wanyole, na ng'ambo ya mpaka, katika kaunti ya Busia nchini Kenya, wamo Wateso na jamii kadhaa za Waluhya. Mkulima wa Iyolwa anayetafuta soko ana milango miwili ya kuingilia Kenya: Malaba na Busia. Mizigo mingi ya matunda, nafaka na samaki hupitia milango hiyo, ama kwa malori, ama kwa baiskeli na pikipiki, ama kwa baiskeli za magurudumu matatu za wasafirishaji wenye ulemavu ambao kwa muda mrefu wamekuwa sehemu ya maisha ya Busia.

Mparachichi katika vijiji vya eneo hili aghalabu ni mti wa uani. Humea kutokana na kokwa, hutoa kivuli, na matunda yake huliwa nyumbani au kuuzwa kwa gunia. Kupanda kwa bei ya tunda hili duniani kumeugeuza mti huo wa kivuli kuwa mali inayotafutwa. Kenya ndiyo inayoongoza barani Afrika kwa kuuza maparachichi nje, na sehemu kubwa ya mazao yake hutoka kwa wakulima wadogo. Uganda na Tanzania nazo zimehimiza upandaji wa miche iliyobebeshwa, hasa ya aina ya Hass. Hivyo, swali la namna ya kukusanya matunda kutoka kwa maelfu ya miti iliyotawanyika, na kuyafikisha salama katika soko la mbali, limekuwa swali la sera.

Kwa kawaida swali hilo hujibiwa na wataalamu wa kilimo, wa usafirishaji na wa forodha. Makala haya yanalitazama kwa upande wa lugha. Hayadai kwamba istilahi pekee zitajenga ghala la baridi au kupunguza gharama za bandari. Yanachodai ni kwamba katika zao hili, kuliko mengine mengi, kosa la neno moja hugeuka kuwa kosa la mzigo mzima.

2.0 Tunda na majina yake

Parachichi lilitokea Mexico na Amerika ya Kati. Majina yake katika lugha nyingi za Ulaya yana asili katika lugha ya Nahuatl ya Mexico, neno ambalo Wahispania walilitamka aguacate. Huko Peru na Chile, hata hivyo, Kihispania hutumia neno palta, lililopokewa kupitia Kikechua na linalohusishwa na jina la watu wa Palta waliokaa kusini mwa Ekuado ya leo. Kwa maneno mengine, tofauti za majina ya tunda hili zilikuwepo huko huko lilikotoka.

Afrika Mashariki haikuepukana na tofauti hizo. Kiswahili sanifu, hasa nchini Tanzania, hutumia parachichi. Kenya na Uganda watu wengi husema avokado au ovakado. Mashariki mwa Kongo, kwa athari ya Kifaransa, husikika avoka. Zipo pia kamusi zinazolitaja tunda hili kwa jina pea. Tofauti hizi za majina hazileti madhara makubwa kibiashara, kwa kuwa tunda lenyewe huonekana kwa macho, na hakuna mnunuzi aliyewahi kulipia parachichi akapewa nanasi.

Majina ya aina za maparachichi yanahitaji uangalifu zaidi. Fuerte ni neno la Kihispania lenye maana ya imara. Aina hiyo iliitwa hivyo baada ya miche yake kustahimili baridi kali ya mwaka 1913 huko California. Hass ni jina la Rudolph Hass, aliyesajili hataza ya mti wake California mwaka 1935. Jina hili huandikwa kwa herufi kubwa na kwa tahajia yake ya asili, na ni vyema libaki hivyo. Likiandikwa kwa tahajia ya Kiswahili huwa hasi, neno ambalo tayari lina maana ya kinyume cha chanya, na pia ya mnyama aliyekwisha kuhasiwa. Mwandishi wa kijitabu cha ugani anayeandika "parachichi hasi" humpa msomaji wake sababu ya kuliogopa zao analotaka alipande.

Mkanganyiko wenye gharama kubwa, basi, haumo katika jina la tunda. Umo katika maneno yanayoeleza hali ya tunda.

3.0 Kukomaa si kuiva

Parachichi lina tabia isiyo ya kawaida: haliivi likiwa mtini. Tunda hukua, hujaa mafuta na kufikia upevu wake likiwa limening'inia, lakini hubaki gumu. Kulainika huanza baada ya kuchumwa, na huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili hivi katika joto la kawaida. Tunda lililochumwa kabla ya kukomaa halilainiki vizuri. Husinyaa, nyama yake huwa kama mpira, na ladha yake huwa ya maji. Hakuna chumba cha joto wala dawa inayoweza kulirudishia mafuta ambayo halikuyapata mtini.

Kutokana na tabia hiyo, hatua tatu hazina budi kutengwa. Ya kwanza ni hatua ya mtini, ambapo tunda hutoka katika uchanga na kufikia ukomavu. Ya pili ni hatua ya baada ya kuchumwa, ambapo tunda hutunzwa kwa makusudi ili lilainike kwa wakati unaotakiwa. Ya tatu ni hali ya mwisho, yaani ulaini na ulaji. Kiswahili kina neno kwa kila hatua: kukomaa au kupevuka kwa hatua ya kwanza, kuvundika kwa ya pili, na kuiva kwa ya tatu.

Neno la katikati, kuvundika, linastahili kuangaliwa kwa makini. Wazungumzaji wa Kiswahili wamelitumia tangu zamani kwa ndizi na maembe: matunda yaliyokomaa lakini magumu hufunikwa mahali penye joto ili yaive pamoja. Vyumba vya kisasa vya Uholanzi ambako maparachichi ya Afrika hupewa joto na gesi ya ethilini kabla ya kupelekwa madukani hufanya kazi iyo hiyo kwa vipimo vya mitambo. Kwa hiyo mtaalamu anayetafuta neno la Kiswahili la teknolojia hiyo hana haja ya kuunda jipya. Analo tayari, na mkulima analielewa kabla ya kufundishwa.

Mfano wa ndizi unafaa pia kwa sababu kila nyumba ya mashariki mwa Uganda inaujua. Mkungu wa matoke hukatwa ukiwa umekomaa na haujaiva. Anayesubiri uive mgombani ameshachelewa, na anayeukata ungali mchanga amepoteza chakula. Maarifa ya tofauti hii hayakosekani kijijini. Kinachokosekana ni kuyahamishia katika zao ambalo, hadi juzi, lilikuwa la kuokotwa chini ya mti.

Kisayansi, ukomavu wa parachichi hupimwa kwa kiasi cha maada kavu. Kadiri tunda linavyokomaa, mafuta huongezeka na maji hupungua. Kipande cha nyama ya tunda hupimwa uzito, hukaushwa mpaka uzito usishuke tena, kisha hupimwa upya. Gramu 10 za nyama mbichi zikibaki gramu 2.1 baada ya kukaushwa, tunda lina maada kavu ya asilimia 21. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa maparachichi kinataka Hass iwe na angalau asilimia 21 na Fuerte asilimia 20. Pale pasipo mizani ya kutosha, zipo dalili za macho: ngozi ya Hass hupoteza mng'ao, na tunda likipasuliwa utando unaozunguka kokwa huwa mwembamba, mkavu na wa kahawia, badala ya kuwa mnene na mweupe.

Sasa mazungumzo ya sokoni yaangaliwe. Kwa mfano wa kufikirika, mkusanyaji humpigia mkulima simu na kumwuliza kama maparachichi "yako tayari". Kwa mkusanyaji, tayari maana yake ni kukomaa. Kwa mwenye nyumba, ambaye hulijua tunda mezani, tayari huweza kuwa na maana ya kuiva, naye hujibu kwamba "bado hayajaiva". Ni kweli hayajaiva; wala hayataiva mtini kamwe. Mkusanyaji huenda kwa jirani, na matunda yaliyofaa hudondoka na kuoza. Kinyume chake pia hutokea. Dalali anayeharakia kujaza lori hulikuta tunda changa na kumtuliza muuzaji kwa maneno "yataiva njiani". Kauli hiyo ni ya kweli kwa tunda lililokomaa na ni ya uongo kwa tunda changa, lakini kwa sikio hakuna kinachozitofautisha. Mwenye karo ya kulipa na anayeshikiwa fedha taslimu hana sababu ya kuipinga.

Hasara ya kauli hiyo haimfikii aliyeitamka. Hujitokeza wiki kadhaa baadaye, ng'ambo ya bahari, mzigo unapofunguliwa na kukataliwa. Kisha hurudi kwa mkulima katika sura ya bei ndogo ya msimu unaofuata, wala haji kujua ilianzia wapi.

4.0 Neno "mbichi" na mikataba ya masoko mapya

Tatizo la pili la kisemantiki limo katika kivumishi -bichi. Katika Kiswahili kivumishi hiki kina angalau maana tatu: kisichoiva, kama katika embe bichi, kisichopikwa, kama katika nyama mbichi, na kisichokaushwa au kusindikwa, kama katika mahindi mabichi. Muktadha hutosha kuzitenganisha katika mazungumzo ya nyumbani. Katika hati ya biashara, muktadha hautoshi.

Mfano mzuri ni soko la China. Kenya ilikubaliwa mwaka 2019 kuuza huko maparachichi yaliyogandishwa. Masharti hayo yaliwafaa wachache tu wenye mitambo ya kumenya na kugandisha. Mnamo Januari 2022 ulitiwa saini mkataba mwingine ulioruhusu matunda yasiyogandishwa, na shehena ya kwanza ikaondoka Agosti mwaka huo. Tofauti kati ya mikataba hiyo miwili ndiyo tofauti kati ya soko la wachache na soko linaloweza kumfikia mkulima mdogo. Habari hiyo ikitangazwa kwa Kiswahili kwamba China "inataka maparachichi mabichi", msikilizaji ana haki ya kuelewa kwamba inataka yasiyokomaa, naye atayachuma mapema. Tafsiri salama ni "maparachichi yasiyosindikwa, yaliyokomaa". Ni ndefu kidogo, lakini haimpotoshi mtu.

Vivyo hivyo kwa kufungwa kwa msimu. Nchini Kenya, Mamlaka ya Kilimo na Chakula, kupitia Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, husimamisha uchumaji wa aina kuu za maparachichi kwa ajili ya kusafirishwa kwa bahari, kwa kawaida kuanzia Oktoba au Novemba, kwa sababu matunda mengi wakati huo hayajakomaa. Tangazo hilo husomeka vijijini kama marufuku ya kuuza, na kwa upande wa Uganda kama kufungwa kwa mpaka. Lengo lake ni kulinda ukomavu wa tunda na jina la nchi sokoni. Pale ambapo sababu haikutafsiriwa pamoja na amri, amri huonekana kuwa uonevu, na njia za panya hupata wateja.

5.0 Lugha kutoka uani hadi kwenye hati

Safari ya parachichi kutoka Iyolwa ni safari ya kupanda ngazi za lugha. Nyumbani tunda huzungumziwa kwa Dhopadhola. Katika magulio ya Tororo huongezeka Kiteso, Kiganda na Kiswahili. Busia, pande zote mbili, bei hupatanwa zaidi kwa Kiswahili. Karatasi zinazoandamana na mzigo, hata hivyo, ni za Kiingereza: cheti cha afya ya mimea kinachotolewa nchini Uganda na Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, ukaguzi wa taasisi ya KEPHIS upande wa Kenya, viwango vya mashirika ya UNBS na KEBS, pamoja na hati za mamlaka za mapato.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imejaribu kupunguza uzito wa karatasi hizo kwa mfanyabiashara mdogo. Utaratibu Rahisi wa Biashara humruhusu mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, kutumia cheti rahisi cha uasili. Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimewaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Hata hivyo, cheti cha uasili huthibitisha tunda limetoka wapi. Hakithibitishi kwamba limekomaa wala kwamba halina nzi wa matunda. Mfanyabiashara anayechanganya vyeti hivi viwili hushangaa mzigo wake unapozuiwa ilhali "karatasi anayo". Hapa pia tofauti ya dhana ndiyo iliyokosa jina la wazi. Makala haya yanapendelea kutenganisha cheti cha uasili, kinachojibu swali la wapi, na cheti cha afya ya mimea, kinachojibu swali la usalama.

Umuhimu wa cheti hicho cha pili si wa kinadharia. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilisimamisha uingizaji wa maparachichi ya Kenya kwa hofu ya nzi wa matunda, na soko hilo likapotea kwa miaka mingi. Mdudu mmoja katika kreti moja hufunga mlango wa nchi nzima, ukiwamo mlango wa wakulima ambao hawakuwahi kumwona.

Kisheria, Kiswahili hakikosi hadhi mpakani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba ya Uganda, kufuatia marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri la nchi hiyo liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mkataba wa Jumuiya ulipotiwa saini mwaka 1999, Ibara ya 137 ilikitaja kuwa lugha ya mawasiliano mapana inayopaswa kuendelezwa. Kilichobaki ni kuiteremsha hadhi hiyo mpaka kwenye fomu, mizani na kreti.

Mpaka wenyewe umeonyesha kwamba una uwezo wa kuunda maneno. Neno bodaboda, lililoenea Afrika Mashariki nzima, kwa kawaida huelezwa kuwa lilizaliwa Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria kati ya vituo viwili na kulifupisha kwa ulimi wao neno la Kiingereza la mpaka. Jamii iliyoipa kanda jina la usafiri wake haiwezi kusemwa kwamba haina uwezo wa kupokea istilahi za zao.

6.0 Mizani ya Peru

Maparachichi ya Afrika Mashariki hayashindani yenyewe kwa yenyewe. Msimu mkuu wa Kenya, kuanzia Machi hadi Agosti hivi, hukutana na msimu mkuu wa Peru, nchi ya pili duniani baada ya Mexico kwa kuuza tunda hili nje. Mashamba mengi ya Peru yako katika jangwa la pwani, kama lile la La Libertad linalonyweshwa na mradi wa Chavimochic. Ni mashamba makubwa, ya aina moja, yaliyo karibu na viwanda vya kufungashia. Tangu Novemba 2024 Peru ina pia bandari ya Chancay, iliyojengwa kwa ubia na China, inayofupisha safari ya kuelekea Asia.

Kwa upande wa Mombasa, safari ya Ulaya ilirefuka tangu mwishoni mwa mwaka 2023, pale mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalipozilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tunda linalokaa baharini wiki nyingi zaidi, hata katika baridi ya nyuzi 5 hadi 7 za Selsiasi, halina nafasi ya kusamehewa kosa la uchumaji. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo tofauti kati ya kukomaa na kuiva inavyozidi kuwa ghali.

Iyolwa haiwezi kuigeuza ardhi yake kuwa Chavimochic. Mwinuko wake, wa takribani mita 1,100 hadi 1,200 juu ya usawa wa bahari, uko chini kuliko nyanda za Kenya na Tanzania zinazosifika kwa Hass, na mashamba yake ni madogo. Lipo hata hivyo jambo moja ambalo Peru inalo na ambalo halihitaji mtaji mkubwa: istilahi moja kutoka shambani hadi wizarani. Viwango vya taifa vya Peru huandikwa kwa Kihispania, na maneno materia seca, yaani maada kavu, hutumiwa na msimamizi wa wachumaji, mpimaji wa kiwandani na afisa wa serikali kwa maana moja. Hali hiyo haikuondoa matatizo ya wafanyakazi wanaozungumza Kikechua nyumbani, lakini imefupisha umbali kati ya kanuni na mkono unaochuma. Mpakani Busia umbali huo ungali mrefu.

7.0 Funzo la sumukuvu

Je, istilahi inaweza kweli kuvuka kutoka maabara hadi ghala la kijijini? Mfano wa karibu unaonyesha kwamba inaweza. Mnamo Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu. Malori yalikwama mipakani. Zuio lilipoondolewa, liliacha masharti ya usajili wa waagizaji na cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi maikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi.

Nchini Tanzania dhana hiyo imepewa jina sumukuvu, nalo limeenea katika kampeni za serikali na vyombo vya habari. Nguvu ya neno hili ni uwazi wake. Anayelisikia mara ya kwanza hutambua kwamba kuna sumu na kwamba chanzo chake ni kuvu. Hivyo hujua bila kuambiwa kwamba dawa yake ni kukausha mahindi na kuyatunza pakavu. Neno limebeba sababu pamoja na onyo. Aflatoksini, kwa upande wake, hubeba onyo tu, na mkulima hulichukulia kuwa ugonjwa ulioletwa na karatasi ya forodha.

Istilahi za parachichi zinaweza kufuata njia hiyo, tena kwa urahisi zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya msamiati ipo. Maada kavu ni neno linaloeleweka mara tu kipande cha tunda kinapokaushwa mbele ya watu. Kubebesha, lililozoeleka Tanzania kwa kuunganisha kikonyo cha aina bora na shina la kienyeji, lingeweza kukubaliwa badala ya kupandikiza, ambalo Kenya hutumika kwa kuunganisha miche na pia kwa kuihamisha kutoka kitaluni. Kuvundika halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyewahi kufunika ndizi kwa majani.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na ufafanuzi huu, hatua tano zinapendekezwa kwa washauri wa sera.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na mashirika ya viwango ya nchi wanachama kuandaa orodha fupi ya istilahi za mazao ya bustani. Orodha ianze na maneno yanayoamua fedha: kukomaa, kuvundika, kuiva, maada kavu, cheti cha uasili na cheti cha afya ya mimea.

Pili, kila tangazo la kufungua au kufunga msimu litolewe kwa Kiswahili siku ile ile linapotolewa kwa Kiingereza, na litaje sababu pamoja na amri.

Tatu, neno mbichi lisitumike peke yake katika hati yoyote ya biashara ya matunda. Mahali pake patumike yasiyokomaa, yasiyoiva au yasiyosindikwa, kulingana na maana inayokusudiwa.

Nne, mapatano ya ununuzi kati ya wakusanyaji na wakulima yaandikwe kwa Kiswahili, yakitaja kiwango cha ukomavu na namna kitakavyopimwa mbele ya pande zote mbili. Neno tayari lisikubaliwe kuwa sharti la mkataba.

Tano, Kiswahili kitumike kama daraja, kisichukue nafasi ya lugha za nyumbani. Katika vijiji vya Iyolwa si kila mwenye mti anakimudu Kiswahili, na historia ya lugha hii nchini Uganda, iliyohusishwa kwa muda mrefu na kambi za jeshi, haijafutika kwa tamko. Maafisa ugani waelezwe dhana kwa Kiswahili, kisha waifikishe kwa Dhopadhola, Kiteso au Kisamia, wakitumia mfano wa ndizi ambao kila lugha ya eneo hili ina maneno yake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba biashara ya maparachichi katika mpaka wa Tororo na Busia ina tatizo la lugha lililojificha ndani ya tatizo la ubora. Tunda lisiloiva mtini linamlazimu mchumaji kutambua hali isiyoonekana kwa urahisi, na kumwambia mwenzake kwa maneno ambayo wote wawili wanayaelewa kwa namna moja. Kiwango cha asilimia 21 kinaweza kupimwa maabara, lakini uamuzi wa kuchuma hufanywa chini ya mti, kwa mazungumzo, na mara nyingi kwa haraka.

Istilahi sahihi haitampa mkulima wa Iyolwa mizani, wala haitamzuia dalali mwenye nia mbaya kudanganya. Itakachofanya ni kuondoa kisingizio. Pale ambapo kukomaa na kuiva ni maneno mawili yenye maana mbili katika mkataba, kauli ya "yataiva njiani" huwa ni dai linaloweza kuulizwa, kupimwa na kukataliwa kabla tunda halijatenganishwa na mti wake. Mwenye mti akiweza kuliuliza swali hilo kwa lugha anayoimiliki, hatalazimika tena kulipia kosa ambalo hakuambiwa kwamba limetendeka.